Bakuli la vipande limegoma? Anza na unachokiona, rudi nyuma mpaka kwenye chanzo

Bakuli la kwanza la vipande (unagundisha vipande vya mbao kuwa pete, unapandisha pete juu ya pete, alafu unakereza) nililolipenda kweli lilikuwa la mninga na mwembe, pete nane, nikaliuza hapa Dar likiwa safi kabisa, mteja akaenda nalo Dodoma. Miezi miwili baadae ananitumia picha, kitako kimeachana na pete ya kwanza, unapitisha ukucha. Niliumia sana maana lile bakuli nilikaa nalo karibia wiki tatu. Nikalaumu gundi, nikaanza kuuliza kama liliwekwa juani, kumbe kosa nililifanya siku ileile nilipochagua ubao wa kitako, kabla hata sijawasha mashine.

Ndo kazi hii ilivyo. Ukikereza mguu wa kitanda ukikosea unaona hapohapo. Ila bakuli la vipande limejengwa pete juu ya pete, kila pete ina vipande 12 au 18 au 24 vilivyogundishwa, kwahiyo kosa dogo la kwenye msumeno unaliona kwenye klempu, la kwenye klempu unaliona kwenye msasa, na la kwenye msasa analiona mteja. Hapa naanza na dalili, alafu narudi nyuma mpaka pale lilipoanzia.

Pete haifungi, kiungo kimoja kinabaki wazi

Hii ndo inawatoa watu wengi kwenye hii kazi, so nikae nayo kidogo.

Kwanza angalia uwazi umekaa wapi. Panga vipande vyote mezani bila gundi, zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli uvute taratibu, alafu inua pete uitazame kwenye mwanga. Kama viungo vimegusana ndani ya pete ila nje viko wazi, pembe yako ni ndogo kuliko inavyotakiwa. Kama vimegusana nje na ndani ndo kuna uwazi, pembe imezidi. Ukishajua hilo unajua msumeno unausogeza upande gani, hakuna haja ya kubahatisha.

Hesabu yake ni rahisi, 360 gawanya kwa idadi ya vipande iliyozidishwa mara mbili, maana kila kipande kinakatwa pande mbili. Vipande 12 unakata kwa digrii 15, vipande 24 unakata kwa 7.5. Sasa fikiria umekosea sehemu moja ya kumi tu ya digrii, kitu ambacho kwa macho hukioni kabisa. Pete ya vipande 12 ina mikato 24, kwahiyo lile kosa linajizidisha mara 24, unapata digrii 2.4. Kwenye pete ya kipenyo cha milimita 200 huo ni uwazi wa milimita 4 na kitu kule nje. Ndo maana ile namba iliyochorwa kwenye msumeno usiiamini, hata kama mashine ni mpya. Kata vipande vya mbao ya hovyo, kamilisha pete nzima, iangalie, rekebisha, kata tena. Mimi huwa natumia msonobari wa mabaki, na pembe ikikaa sawa sigusi ile skrubu inayofunga pembe mpaka nimalize pete zote za bakuli.

Pili, urefu. Pembe inaweza kuwa sawa kabisa ila vipande havilingani, kimoja kimezidi nusu milimita. Hapo hata ukivuta mpira viungo vinapishana, kona moja inatokeza nje. Chanzo karibu kila siku ni kile kizuizi cha kupimia urefu pale kwenye msumeno, vumbi limejikusanya kati yake na mbao na kila kipande kinakuja kifupi kidogo kuliko cha mwanzo. Pangusa kila baada ya kukata, sio kila baada ya vipande vitano. Urefu wa upande wa nje unaupata hivi: kipenyo zidisha kwa tanjenti ya ile pembe ya kukatia. Kipenyo 200 na digrii 15 ni 200 mara 0.268, yaani milimita 53.6, ongeza kidogo ya kukereza.

Sasa kuna kitu nakuomba usifanye. Usichukue klempu kubwa ukaminya mpaka uwazi ufe. Utakufa kweli, na pete itaonekana nzuri, ila umeweka ndani ya mbao nguvu inayotaka kurudi ilikotoka, na siku moja itarudi, pengine ukiwa unakereza na bakuli liko kwenye spidi. Pete nzuri inafunga kwa nguvu ya mikono miwili. Ikihitaji zaidi ya hapo basi bado haijawa tayari kupakwa gundi.

Njia ya kuokoa kosa dogo ni kugundisha nusu pete mbili. Panga vipande 12, ila kwenye viungo viwili vinavyotazamana usipake gundi, weka vijiti vya meno viwili viwili hapo, funga pete nzima, iache ikauke. Utapata nusu mbili. Chukua msasa namba 80 uliogundishwa kwenye ubao ulionyooka, sugua ncha zote mbili za kila nusu kwa pamoja mpaka zikae kwenye mstari mmoja, alafu unganisha. Lile kosa lote umelifuta pale kwenye viungo viwili. Ila kama unasugua milimita tatu nne simama, hapo vile vipande vya mwisho vitakuwa vyembamba kuliko wenzao na pete itakuwa yai, rudi tu kwenye msumeno.

Juu imefunga, chini iko wazi

Hii ni fupi. Pete ukiitazama juu haina shida, ukiigeuza kila kiungo kina uwazi kama wembe. Pembe yako ni nzuri, ila diski ya msumeno haijasimama wima. Weka guni (kile kipimo cha pembe mraba) kati ya meza na diski, rekebisha, umemaliza. Kama uwazi unakuja vipande vingine tu na vingine hapana, basi mkono wako ndo unainua kipande wakati wa kukata, kibane.

Viungo vinaachia, au vina mstari mweusi mnene

Viungo vya ndani ya pete vinaunganisha ncha kwa ncha, pale nyuzi za mbao zilipokatwa, na ncha ya mbao inanyonya gundi kama mrija. Unapaka, unafunga, baada ya saa moja gundi yote imeingia ndani na pale katikati hakuna kitu. Dawa ni kupaka mara mbili, ya kwanza nyembamba sana uisugue kwa kidole iingie, subiri dakika mbili tatu, alafu paka ya pili na ufunge. Na usitegemee nguvu ya bakuli itoke kwenye hivyo viungo, nguvu inatoka pete zinapopandana, kwahiyo kiungo cha pete ya juu kikae katikati ya kipande cha pete ya chini, vilevile fundi anavyopanga tofali. Ukiviweka viungo vyote kwenye mstari mmoja umetengeneza sehemu ya kupasukia toka juu mpaka chini.

Mstari mweusi mnene maana yake nyuso hazikukutana. Mara nyingi ni kwa sababu mtu alichukua kipande kimoja kimoja mkononi akakisugua na msasa ili kiwe laini, kingo zikawa za mviringo kidogo. Usisugue kwa mkono hata kidogo. Kama msumeno unaacha alama au unaunguza mbao, noa diski au nunua nyingine, maana uso ulioungua haushiki gundi vizuri.

Alafu kuna mbao zenye mafuta, mpingo na mtiki hasa. Gundi nyeupe ya mbao inakaa juu kama maji kwenye jani la mgomba. Kata, pangusa kwa asetoni au tina kitambaa kikiwa kisafi, acha ikauke dakika chache, gundisha siku hiyohiyo. Ukiacha mpaka kesho mafuta yanapanda tena juu. Kwenye mpingo mimi siku hizi naenda na epoksi moja kwa moja.

Pete na pete kuna uwazi

Ukipandisha pete juu ya nyingine unaona mwanga upande mmoja. Pete haijanyooka. Wengine wanapitisha pete kwenye mashine ya randa, mimi naona ni hatari, zile ncha za vipande zinaweza kung'oka na kuruka. Mimi naiweka kwenye kerezo, spidi ya chini, nachukua ubao mnene ulionyooka wenye msasa, upana wake uzidi kipenyo cha pete, nausimamisha uguse pete pande zote mbili za katikati kwa wakati mmoja. Kabla ya hapo chora mistari ya penseli kwenye uso mzima. Ikifutika yote kwa pamoja pete iko sawa. Ikifutika ya ndani ikabaki ya nje, au kinyume chake, umetengeneza koni, na ukigundisha koni juu ya koni utapata uwazi ambao klempu itauficha kwa muda tu.

Kupanga pete kwenye kitovu nako kunasumbua. Ikikaa pembeni milimita mbili, ukikereza nje ukuta utakuwa mnene huku na mwembamba kule, na mchoro wako utaonekana umelewa. Gundisha pete moja moja juu ya mashine yenyewe, tumia kile kiegemeo cha nyuma kukandamiza, zungusha kwa mkono na uangalie kona za vipande zinapita sawa mbele ya ncha ya penseli iliyosimama, rekebisha haraka kabla gundi haijakamata.

Kitako kimeachana na pete baada ya miezi

Turudi kwenye lile bakuli la Dodoma.

Mbao inavimba na kusinyaa kwa upana wake, kwa urefu wa nyuzi karibu haibadiliki kabisa. Kwenye pete, nyuzi zinazunguka na mduara, kwahiyo mzunguko wake haubadiliki, hali ya hewa iwe kavu au ya mvua pete inabaki na kipenyo karibia kilekile. Sasa mimi nilichukua ubao mmoja wa mwembe, nikakata duara la milimita 150, nikaligundisha kama kitako. Lile duara likikauka linasinyaa upande mmoja, pete juu yake imekataa kusogea. Mbao iliyokaa Dar na huu unyevu wetu wa pwani inaweza kuwa na maji asilimia 13 mpaka 15, ukiipeleka Dodoma kiangazi inashuka pointi kadhaa. Duara kama lile linapoteza milimita moja hivi au zaidi, na hiyo inatosha kabisa kung'oa kiungo au kupasua kitako chenyewe katikati.

Hapa ndo naona vidio za Marekani na Ulaya zinatupoteza. Wenzetu mbao zao zinakaa kwenye nyumba zenye hita, wanafanya kazi na asilimia 6 mpaka 8, na bakuli linabaki kwenye nyumba ileile kavu. Sisi tunanunua ubao Keko au Buguruni, siku nyingine umekatwa juzi, tunaukausha kwa macho tu, alafu kitu kinasafiri. Kwahiyo tunatakiwa kujenga kitako kinachokubali kusogea, sio kuomba kisisogee.

Njia ninayotumia sasa: kitako nacho nakijenga kwa vipande kama pete, vipande vyenye ncha kali vinavyoenda katikati, na pale kwenye kitovu ambapo ncha hazikutani vizuri natoboa tundu la milimita 30 hivi naweka kidude cha mpingo. Duara dogo namna hiyo linasinyaa kidogo sana haliwezi kusumbua. Kama unataka lazima kitako cha ubao mmoja, basi kiwe kidogo, chini ya milimita 70, na uchague mbao tulivu. Mninga unasifika kwa hilo, unasinyaa kidogo kuliko mbao nyingi tunazozijua huku, mwembe hapana. Lile bakuli mteja alilirudisha, nikalikata kitako kwenye mashine, nikaweka cha vipande, limerudi Dodoma na kiangazi kizima kimepita juu yake.

Unyevu unaupimaje bila kifaa? Kata kipande kidogo, kipime kwenye mzani wa jikoni wa digitali, kiweke kwenye oveni kama nyuzijoto 100 hivi, pima kila baada ya saa kadhaa mpaka uzito ugome kushuka. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Gramu 46 zikabaki 40, una asilimia 15. Mbao zote za bakuli moja ziwe zimekaa chumba kimoja wiki tatu angalau, mninga mkavu ukiuunganisha na mwembe mbichi hakuna gundi itakayokuokoa.

Viungo unavisikia kwa kidole

Bakuli ulimaliza laini kama yai, wiki mbili baadae ukipitisha kidole unasikia kila kiungo. Kama kiungo kimezama, uliharakisha. Gundi nyeupe ina maji, yale maji yanavimbisha mbao pale pembeni ya kiungo, wewe ukasugua msasa ikiwa bado imevimba, sasa imekauka imerudi chini. Masaa 24 ni kiwango cha chini, wakati wa masika mimi naacha siku tatu. Kama kiungo kimenyanyuka kama uzi, hiyo ni gundi yenyewe imetambaa, gundi laini ina tabia hiyo hasa kwenye joto letu. Sugua kidogo kwa msasa wa 320, pakaa vanishi tena, na bakuli lijalo tafuta gundi inayokauka ngumu.

Kila kipande kimechanika upande uleule

Tazama kwa makini, sio bakuli lote limechanika. Ni nusu moja ya kila kipande, na ni nusu ileile kuzunguka pete nzima. Sababu ni kwamba kipande kimenyooka ila bakuli ni duara, kwahiyo patasi ikiingia kwenye kipande inakata nyuzi kwa kuziingilia na ikitoka inakata kwa kuzifuata, ncha moja inanyanyuka nyingine inakaa laini. Ukiwa na vipande 12 hii hali inaonekana sana, ukienda 24 inapungua maana kila kipande kinakaribia kuufuata mduara. Noa bobari (patasi yenye makali ya mviringo), kata kidogo kidogo, na mkato wa mwisho uwe na kisu kilichotoka kwenye jiwe dakika hiyohiyo. Msasa wa 60 hautibu mchaniko, unauficha tu na utauona tena ukipaka klia (vanishi isiyo na rangi).

Mashine inatetemeka, patasi inalia

Kama mtetemo upo toka mwanzo, pete haijakaa kwenye kitovu au taya za chaki (kibano cha mashine kinachoshika bakuli) hazijashika vizuri, zima ufunge upya. Kama umeanza baada ya kutoboa ndani, ukuta umekuwa mwembamba na unanesa mbele ya patasi. Malizia ukuta toka mdomoni kushuka, sentimita tatu tatu, ukishashuka usirudi juu. Sogeza na kiegemeo cha patasi karibu.

Spidi: kipenyo kwa inchi zidisha kwa mizunguko ya dakika, jibu liwe kati ya 6000 na 9000. Bakuli la inchi 10 ni mizunguko 600 mpaka 900, na kwenye kazi ya vipande mimi nakaa upande wa chini. Kabla ya kuwasha gonga kila pete kwa kifundo cha kidole, kiungo kizima kinalia kama mbao, kilichoachia kinalia kama mtungi uliopasuka. Vaa ngao ya uso, sio miwani tu, na unapowasha simama pembeni, usikae kwenye mstari wa bakuli. Kipande cha mninga kikitoka kwenye spidi hakitakupa muda wa kuinama.

Mbao nyeupe imekuwa ya kijivu

Mpingo na mwembe zikikaa pamoja zinapendeza sana, ndo mchanganyiko ninaoupenda kuliko wote, na mabaki ya mpingo pale Mwenge kwa wachonga vinyago yanatosha kabisa kwa kazi ya vipande bila kugusa gogo jipya. Tatizo ni vumbi lake. Ukisugua msasa linaingia kwenye vinyweleo vya mbao nyeupe, alafu ukipangusa kwa kitambaa chenye tina unalisukuma ndani zaidi na hapo halitoki. Mninga nao unaachia wekundu ukiguswa na tina.

Kwahiyo fanya kazi nyingi kwa patasi, msasa uje mwisho kabisa na uanzie 180 sio 80. Kabla ya msasa paka sandingsila nyembamba bakuli zima, iache ikauke, inaziba vile vinyweleo. Sugua, puliza vumbi kwa upepo wa kompresa au brashi, usipanguse. Rudia. Ikiwa limeshachafuka, usihangaike na msasa zaidi, rudisha bakuli kwenye mashine, toa kanda nyembamba sana kwa patasi ya kukwangua, weupe utaukuta chini yake. Na vaa barakoa, vumbi la mpingo linawasha ngozi, la mvule linabana kifua, na ukikaa nalo siku nzima kwenye chumba kilichofungwa utajua usiku ukilala.